Mbwa wa Boma na Mtoto wa Nyumba

Siku ya kuchanja mbwa ikitangazwa, iwe ni uwanjani mwa shule, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa au karibu na ofisi ya chifu, wanaofika na mbwa kwa wingi ni watoto. Mvulana wa gredi ya nne huja akimwongoza Simba kwa kamba ya katani. Huchuchumaa kando yake, humshika shingoni na kumnong'oneza maneno anayoyajua mwenyewe, na kabla mbwa hajatambua lililotendeka, sindano imeingia na kutoka. Nyuma yake husimama mzee aliyekuja mikono mitupu. Daktari wa mifugo akimuuliza mbwa yuko wapi, jibu huwa ni lile lile: "Wangu, daktari, hashikiki."

Mbwa asiyeshikika hachanjiki. Asiyechanjwa akiumwa na mbwa mwenye kichaa porini au barabarani, huyaleta maradhi hadi mlangoni, pale watoto wanapochezea. Lakini hakuna mbwa anayezaliwa akiwa hashikiki. Kuanzia wiki ya tatu hivi hadi ya kumi na mbili ya maisha yake, mtoto wa mbwa hujifunza kama binadamu ni rafiki au ni hatari, na hukumu anayoitoa wakati huo ni vigumu kuibadilisha baadaye. Boma likimpa mawe, mateke na mnyororo mfupi, na watoto wa boma hilo wasiambiwe kuwa mkia si kamba ya kuvuta, baada ya mwaka mmoja mwenye boma ndiye atakayekuwa amesimama kwenye foleni mikono mitupu.

Somo hili ni la wazazi, walezi na walimu wa chekechea wa Ainabkoi, kuanzia Kapsoya hadi Kaptagat na Olare. Linahusu jinsi ya kumfundisha mtoto mdogo kumtendea mbwa wa nyumbani kwa upole na heshima. Linawahusu pia wale wasiofuga mbwa, kwa sababu ya imani yao au kwa kutopenda tu, kwani mtoto wao hukutana na mbwa wa jirani kila asubuhi.

Jambo la boma, na jambo la kaunti

Huenda mtu akauliza serikali ya kaunti inatafuta nini kwenye kibanda cha mbwa wa mwananchi. Jibu liko katika Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010. Miongoni mwa majukumu yaliyokabidhiwa kaunti ni udhibiti na ustawi wa wanyama, na hapo utoaji wa leseni za mbwa umetajwa waziwazi. Katika orodha hiyo hiyo, hatua chache mbele, yamo masomo ya chekechea. Kwa hiyo mbwa na mtoto wa miaka minne wamewekwa mikononi mwa serikali moja, ingawa ni nadra wawili hao kuzungumziwa katika mkutano mmoja.

Uzito wa jambo lenyewe ni huu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba karibu wote, 99 kwa kila 100, huambukizwa na mbwa. Kenya ilithibitisha kisa chake cha kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyepatikana karibu na Nairobi, na zaidi ya miaka mia moja baadaye makadirio ya serikali bado ni vifo 2,000 kwa mwaka. Wanne kati ya kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, hivyo meno humfikia usoni, shingoni na mikononi, karibu na ubongo. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona.

Hata chanjo ya binadamu ilianza na mtoto. Tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur wa Ufaransa alianza kumtibu mvulana wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Mvulana huyo alipona. Siku ya kichaa cha mbwa duniani huadhimishwa kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur.

Kenya ilijiwekea mkakati wa kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030. Nguzo yake kuu ni kuchanja mbwa 70 kati ya kila 100, tena mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa watoto wa mbwa huzaliwa na wazee hufa. Kwamba jambo hili linawezekana, Pemba ni shahidi: kampeni za chanjo zilizorudiwa kisiwani humo ziliutokomeza ugonjwa. Ila 70 kati ya 100 haiwezi kufikiwa ikiwa nusu ya mbwa wa kijiji hawashikiki hata na wenyewe.

Mbwa husema kabla ya kuuma

Mtoto akiumwa na mbwa wa nyumbani, kauli ya kwanza ya watu wazima huwa "Aliuma ghafla tu, hata hatukumkosea." Ni nadra kauli hiyo kuwa ya kweli. Mbwa alikuwa amesema mara tano au sita kabla ya kuuma, ila kwa lugha ambayo hakuna aliyekuwa ameifundishwa.

Tazama hali ya kawaida. Ni saa nane mchana, mbwa amelala juu ya gunia karibu na mlango wa jikoni. Mtoto wa miaka mitatu anamwendea, anamlalia mgongoni na kumkumbatia shingoni. Kwa mtoto, hayo ni mapenzi. Kwa mbwa, kuzungushiwa mikono shingoni ni kubanwa asiweze kuondoka. Kwanza hugeuza uso kando. Kisha huramba midomo, na hakuna chakula. Hupiga miayo, na hana usingizi. Masikio hulala nyuma, na weupe wa jicho huonekana pembeni. Mwili hukakamaa. Baada ya hapo ndipo hunguruma, na asiposikilizwa, hung'ata.

Hapo kwenye kunguruma ndipo wengi wetu hukosea. Mbwa akinguruma, mkubwa aliye karibu huokota fimbo. Mbwa aliyechapwa kila anaponguruma hujifunza kutonguruma. Hajifunzi kutouma. Fimbo imemwondolea onyo na kumwachia meno. Linalofaa ni kumwondoa mtoto kwa utulivu, kumwacha mbwa aende zake, kisha kumweleza mtoto alichokuwa akiambiwa.

Maelezo hayo yanaweza kuwa mafupi mno.

"Mama, mbona Simba ananikasirikia?"

"Hajakasirika, mwanangu. Anasema, niache nilale. Wewe ukiwa usingizini, ungependa nikulalie mgongoni?"

Mtoto wa miaka mitatu huelewa swali kama hilo. Haelewi hotuba.

Mkia nao unahitaji maelezo, kwa sababu karibu kila mtu amefundishwa kuwa mbwa anayetikisa mkia amefurahi. Mkia unaopeperuka chini chini, pamoja na kiuno kinachoyumba na mdomo uliofunguka kidogo, ndio wa furaha. Mkia uliosimama juu kama mlingoti na kutikisika kwa haraka, huku mwili ukiwa umekaza, ni wa mbwa ambaye bado hajaamua. Uliofichwa katikati ya miguu ni wa woga, na mbwa mwoga aliyebanwa kwenye kona huuma upesi kuliko mbwa mkali.

Vidole vitano, na kuhesabu hadi tatu

Watoto wa chekechea hukumbuka kile walichokishika mkononi. Mwalimu au mzazi anaweza kutumia vidole vya mtoto mwenyewe. Kidole gumba: simguse anapokula. Cha pili: simguse anapolala. Cha tatu: simguse akiwa amefungwa. Cha nne: simguse akiwa na watoto wake. Kidole cha mwisho, kile kidogo: simguse akiwa mgonjwa au ameumia. Irudieni hadi mtoto aweze kuisema akiwa anakunja vidole peke yake, kisha siku moja muulize mbele ya mbwa anayekula: "Leo ni kidole kipi?"

Kumgusa nako kuna utaratibu. Kama mbwa si wa nyumbani, mtoto huomba ruhusa ya mwenye mbwa kwanza, na kama mwenyewe hayupo, hakuna kumgusa. Akiruhusiwa, hasogei yeye. Humwita mbwa aje. Hukunja ngumi kwa ulegevu na kuishusha chini, upande wa mapaja, amwache mbwa anuse. Mkono haupiti juu ya kichwa, maana kwa mbwa mkono unaoshuka kutoka juu hufanana na mkono unaotaka kupiga. Mahali pazuri pa kumkuna ni kifuani au begani.

Mtoto akishaanza kumkuna, na ahesabu hadi tatu: moja, mbili, tatu, au akenge, aeng', somok, kama ndivyo anavyohesabu na kogo wake nyumbani. Akifika tatu, aondoe mkono na kungoja. Mbwa akisogea karibu zaidi, ameomba aendelee. Akigeuka na kuondoka, mazungumzo yamekwisha. Mchezo huu mdogo una faida kuliko unavyoonekana. Mtoto anajifunza kwamba mwenzake ana haki ya kusema "basi" hata kama hana maneno, na walimu wengi wangefurahi kumpokea gredi ya kwanza mtoto aliyekwisha kuelewa hivyo.

Kwa upande wa umri, kanuni ni rahisi. Mtoto wa chini ya miaka mitano haachwi peke yake na mbwa, hata akiwa mbwa mpole kuliko wote kijijini. Mkubwa awe karibu kiasi cha kuweza kunyoosha mkono na kumfikia. "Niko tu hapa jikoni" hakutoshi. Mtoto wa umri huo anaweza kusaidia kujaza maji ya mbwa akiwa ameshikwa mkono. Wa miaka sita au saba anaweza kupewa kazi ya maji awe mwenye dhamana nayo, asubuhi na jioni, kama kaka yake anavyopewa ndama. Kulisha ni kwa wale wakubwa kidogo, na utaratibu wake ni kuweka sahani chini mbwa akiwa mbali, kurudi nyuma hatua kadhaa, kisha kumwita. Kumlisha kwa vidole, au kumpokonya mfupa ili watoto wacheke, ni kumfundisha mbwa kuwa mkono wa mtoto ni mwizi.

Njia ya shule

Eldoret hujiita mji wa mabingwa, na alfajiri ukipita Kaptagat utakutana na makundi ya wakimbiaji kabla hujakutana na gari. Kumwambia mtoto wa huku asikimbie ni kazi. Lakini mbwa huona kitu kinachokimbia kama kitu cha kufukuzwa, na hakuna mtoto, hata awe na damu ya bingwa, anayemshinda mbwa mbio.

Watoto wengi wa Ainabkoi hutembea kwenda shule mapema, ukungu ukiwa bado haujainuka, wakipita malango ya watu. Hiyo ndiyo saa ambayo mbwa wa ulinzi aliyefunguliwa usiku bado hajafungwa. Mtoto akikutana na mbwa asiyemjua, asimame kama mti wa saiprasi: miguu pamoja, mikono imekunjwa kifuani kama matawi, macho yakitazama vidole vya miguu yake mwenyewe. Asipige kelele wala kumkodolea mbwa macho, kwani kumtazama mbwa usoni ni kumtolea changamoto. Mara nyingi mbwa hunusa, akachoka, akaenda. Hapo mtoto aondoke polepole bila kumgeuzia mgongo.

Akiangushwa, awe gunia la viazi. Ajikunje chini, magoti yakiwa tumboni, uso ukiwa umefichwa, ngumi zikifunika shingo na masikio, na anyamaze. Haya mawili, saiprasi na gunia la viazi, yafanyiwe mazoezi uwanjani kama mchezo, mtoto mmoja akiwa mbwa. Mtoto aliyeyafanya mara kumi akicheka atayakumbuka siku atakayokuwa na hofu. Aliyeambiwa kwa mdomo tu atakimbia.

Na wenye mbwa wafunge malango. Kibao cha "Mbwa Kali" hakimsaidii mtoto wa chekechea asiyejua kusoma.

Watoto wanatutazama

Wazazi wengi huomba washauriwe jinsi ya kumfunza mtoto upole, na kumbe mtoto amekuwa akifunzwa siku zote. Anaposikia mkubwa akimtukana mwenzake "mbwa wewe!", anajifunza kwamba mbwa ni kiumbe cha kudharauliwa. Anapoona baba akirusha jiwe kila mbwa anapokatiza ua, naye huokota lake. Mtoto anayemtupia mbwa mawe huwa hajabuni mchezo huo.

Ni ajabu kidogo, ukizingatia mbwa walivyotumika katika nyanda hizi. Waokiek wa misitu ya juu waliwinda na mbwa. Wafugaji waliwategemea kusikia fisi na chui kabla ya binadamu. Hadi leo, katika maboma mengi ya Ainabkoi, anayejua kwanza kwamba kuna mtu kwenye zizi la kondoo saa nane za usiku ni mbwa ambaye mchana kutwa hakupewa maji.

Mahitaji yake si mengi. Maji safi. Chakula kila siku, hata kama ni ugali uliolowekwa kwa mchuzi, maziwa au omena, na usiwe wa kuvunda. Mahali pa kulala pasipovuja. Eldoret yenyewe iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na Ainabkoi iko juu zaidi. Wakulima wa viazi wanaijua baridi yake kuliko mtu yeyote. Kibanda kigeuziwe upande usioelekea upepo, kiinuliwe kidogo kutoka ardhini, kiwekwe gunia na mabua makavu ya ngano. Mtoto akishirikishwa kubadilisha mabua hayo kila baada ya wiki mbili, atauliza mwenyewe kama mbwa huhisi baridi. Mjibu.

Kuhusu mnyororo, mbwa aliyefungwa mahali pamoja kutwa nzima huwa mkali kwa sababu hawezi kukimbia anapoogopa. Kama ni lazima afungwe mchana, nyoosha waya kati ya nguzo mbili na uupitishe mnyororo hapo, aweze kutembea. Kumtesa mnyama, kwa kumpiga, kumpiga mateke au kumwacha na njaa na kiu, ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya. Watu wengi husikia habari hiyo kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima.

Jambo moja la usafi lisisahaulike, hasa kwa wafugaji wa kondoo. Mnapochinja nyumbani, msimtupie mbwa ini au mapafu mabichi yenye malengelenge ya maji. Humo mna vijidudu vya minyoo ambavyo hukua tumboni mwa mbwa, mayai yake hutoka na kinyesi na kushika kwenye manyoya, kisha humfikia mtoto kupitia mikono isiyonawa na kumletea uvimbe katika ini au mapafu. Viungo hivyo vichomwe au vizikwe kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua. Mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Na mtoto anawe mikono kwa sabuni kila akitoka kumgusa mbwa. Kunawa si kumdharau mbwa, ni desturi tu, kama vile kunawa baada ya kukamua.

Mtoto aliyeumwa na kunyamaza

Sehemu hii ndiyo nzito kuliko zote. Mtoto anayejua kuwa atachapwa kwa kuchokoza mbwa, au kwamba mbwa anayempenda atauawa, huficha jeraha. Huvuta soksi juu ya alama za meno na kuendelea kucheza. Jeraha dogo hupona lenyewe baada ya wiki moja, na nyumba nzima haijui lolote. Virusi vya kichaa husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu kwa wiki, mara nyingi miezi, kabla ya dalili. Mzazi anapoambiwa hospitalini ni ugonjwa gani, ndipo ndugu mdogo anapokumbuka: "Aliumwa na mbwa siku ile, lakini alisema nisiseme."

Kwa hiyo ahadi itangulie. Kila mtoto aambiwe, na arudiwe kuambiwa, kwamba akiumwa, akiparuzwa au akirambwa na mbwa penye kidonda, aseme mara moja na hatachapwa. Hata kama alivuta mkia. Hata kama alikatazwa kwenda huko. Mazungumzo ya kosa yanaweza kungoja wiki ijayo. Jeraha haliwezi.

Akishasema, osheni jeraha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kwa saa. Dakika 15 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, lakini sabuni huviua virusi vingi kabla havijaingia kwenye mishipa. Msipake mafuta ya taa, majivu, pilipili wala dawa za mitishamba. Kisha nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, na kama chanjo ya binadamu haipo hapo, ulizeni papo hapo ni kituo kipi kinayo. Sindano hutolewa kwa awamu, na zote zikamilishwe; familia nyingi huacha baada ya ya pili kwa kuwa mtoto anaonekana mzima. Jeraha likiwa kubwa au liko usoni, daktari anaweza kuongeza dawa nyingine kwenye jeraha lenyewe.

Vijana wa kijiji, kwa kawaida, huwa wamekwisha kumuua mbwa na kumzika kabla mtoto hajafika hospitalini. Jambo hilo huwapotezea madaktari habari muhimu. Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungiwa kwa usalama, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10 huku afisa wa mifugo wa wadi akiwa amearifiwa. Akiwa bado mzima baada ya siku hizo, hakuwa na virusi mateni siku aliyouma, na daktari wa mtoto ataelekeza ipasavyo. Matibabu ya mtoto hayangojei siku hizo 10. Mbwa akifa, au akiwa amekwisha kuuawa, msimguse kwa mikono mitupu. Mwiteni afisa wa mifugo, ambaye anaweza kupeleka sampuli kwenye maabara ya uchunguzi wa mifugo Eldoret.

Wafundisheni watoto pia kutambua mbwa aliyebadilika. Wao ndio wanaomjua Simba kila siku, kwa hiyo huona kabla ya wakubwa: mbwa mchangamfu aliyejificha gizani, au aliyekuwa mwoga na sasa anamfuata kila mtu, anayetokwa na mate mengi, anayeuma mawe na vijiti, ambaye sauti yake imekwaruza au taya limelegea. Mtoto asimsogelee wala asijaribu kumnywesha maji. Akamwambie mkubwa.

Zoezi la nyumbani

Kwa muda wa wiki mbili kabla ya siku ya chanjo, mpeni mtoto mmoja wa nyumba, wa miaka minane au zaidi, kazi ya kumzoeza mbwa kamba. Siku tatu za kwanza mbwa avae kamba shingoni kwa dakika chache anapokaribia kula, isimkaze. Vidole viwili vya mtu mzima viweze kupita chini yake. Siku zinazofuata mkubwa na mtoto watembee naye hadi langoni na kurudi, kisha hadi barabarani. Jioni, mbwa akiwa ametulia, mkubwa amguse masikio, amwinue mguu mmoja mmoja, ambane ngozi ya shingo kidogo kama daktari atakavyofanya, huku mtoto akimsifu. Mbwa akikataa, rudini nyuma hatua moja bila kumlazimisha.

Jadilianeni mezani: Simba alisema nini leo? Nani alimsikia? Ni kidole kipi tulichosahau?

Siku yenyewe, mbwa wa miezi mitatu na zaidi aletwe kwa kamba fupi, na kila mbwa awe na mtu wake. Mtoto mmoja asipewe mbwa watatu. Mtu mzima afuatane naye. Simameni mbali kidogo na mbwa wengine. Mtakapopewa cheti cha chanjo, kiandikeni jina la mbwa na kukiweka mahali pamoja na kijitabu cha kliniki cha mtoto, kwa kuwa chanjo ya mbwa hurudiwa kila mwaka, na siku mtoto akiumwa, muuguzi ataviulizia vyote viwili.